Njiti Chini ya Bomba la Kushoto

Ukumbi wa Mazoezi, Idara ya Muziki
Tarehe 3 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na kuku wako, maana mama anasema siku hizi ukiulizwa habari za nyumbani unaanza na kuku. Huku hatujambo. Mguu wa mama umepoa na ameanza tena kupanda ngazi mwenyewe, ingawa kila ngazi lazima ailalamikie. Mtoto wa kaka ameota meno mawili, na yote mawili ameshayajaribu kwenye kidole changu. Nilikupigia simu mara nne nikupe habari hizi, na mara zote nne nikaambiwa hupatikani. Mama anasema simu umeifungia kabatini isichakae. Basi nimeshika kalamu.

Habari yenyewe ni kwamba wamenichukua. Kazi uliyoiacha sasa ni yangu, ila kwa majaribio ya miezi mitatu. Mkuu wa idara amenieleza wazi kwamba mwanzoni mwa Juni atakuja mkaguzi kutoka nje kukikagua kinanda chako cha mabomba, bomba kwa bomba, na akikuta kasoro niliyoshindwa kuiondoa nitarudi kurekebisha magitaa ya watu barazani kwa mama. Naitaka kazi hii, Mjomba. Tangu uliponiingiza ndani ya kinanda nikiwa na miaka tisa, nikatoka na vumbi mpaka kwenye meno, sijawahi kutaka kazi nyingine.

Ukumbi uko vilevile. Viti vya kukunja bado vinawabana watu vidole. Tangazo lako la USIWEKE KIKOMBE HAPA bado limepigiliwa ubavuni mwa kinanda, na chini yake kuna alama za vikombe kumi na saba, nimezihesabu. Mabomba nayo niliyahesabu. Siku ya kwanza nilipata elfu moja mia moja na kumi, siku ya pili nikapata zaidi ya hapo, siku ya tatu nikaacha.

Nimeshaanza kazi kwa kishindo. Lile bomba kubwa la mbao, la kwanza kushoto, lilikuwa linavuma lenyewe feni ya upepo ikiwashwa. Kule kwenye viti halisikiki, lakini ukisimama mbele yake, pale kwaya inapojipanga, unalisikia linanong'ona. Nikafungua sanduku la upepo, nikalala chali, nikamulika. Chini ya kilango cha ngozi kinachozuia upepo usipande kwenye bomba hilo nikakuta nusu ya njiti ya kiberiti, imekatwa kichwa, inakizuia kilango kisifunge sawasawa. Nikaing'oa kwa kisu, kilango kikafunga, bomba likanyamaza. Nilijisikia fundi kamili.

Nani aliiweka? Ningesema ni utundu wa wanafunzi, lakini imegandishwa kwa gundi, na gundi yenyewe imepakwa vizuri mno.

Mpwa wako,
Fundi Nusu (umeniita hivyo mwenyewe, sasa vumilia)


Nyumbani
Tarehe 22 Machi

Fundi Nusu,

Marahaba. Mimi mzima. Magoti yananikumbusha umri lakini masikio bado yangu. Mwambie dada yangu kwamba simu haiko kabatini, iko juu ya kabati, na kwamba ngazi hazina kosa. Kuku wapo kumi na wanne na jogoo mmoja mwenye majivuno. Mtoto wa kaka yako mpe kipande cha mbao laini atafune, si kidole, vidole vyako sasa vina kazi.

Hongera. Nilipopata barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Mkuu wa idara ni mtu wa haki, usimwogope, ila usimwambie kitu kabla hajamaliza kula.

Umetaja gundi. Gundi ya ngozi haiwashwi moto mkali. Iloweke usiku kucha, uipashe ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto, na ikianza kunuka kama soksi ujue umeiharibu, mwaga. Ikishapakwa inataka siku nzima kukauka, na usiipunguzie hata saa moja. Ngozi ya vilango ikikakamaa usiikate, isugue kwanza. Brashi yangu ya manyoya imo kwenye mkebe wa bluu, nyuma ya feni. Nimekuchorea mpangilio wa vilango kwenye karatasi tatu nilizoambatanisha. Zisome.

Njiti hiyo kama umeitupa, basi. Kama hujaitupa, iweke mahali.

Kwaya bado inafanya mazoezi Jumanne na Alhamisi?

Mjomba wako


Ukumbi wa Mazoezi
Tarehe 5 Aprili

Mjomba,

Shikamoo tena. Mama anakusalimu na anauliza utamla lini huyo jogoo wako mwenye majivuno. Kaka amehamia nyumba yenye dari linalovuja, na mkewe amemwambia kwa upole kwamba yeye hakuolewa na ndoo. Wote wazima.

Mimi niko taabani. Umenijibu kwa gundi na karatasi tatu za vilango, na swali langu umelikwepa kama mtu anayeruka dimbwi akiwa na viatu vipya. Sasa nasimulia, na safari hii nijibu.

Kwaya ilikuwa likizo mpaka wiki iliyopita, kwa hiyo sikuwa nimewaona. Unawajua kuliko mimi, lakini acha niseme nilichokiona. Watu arobaini wakajipanga mbele ya kinanda. Feni ilikuwa inazunguka, maana wimbo wao wa pili hupigiwa kinanda. Mwalimu wa kwaya akaingia na ule mwendo wake wa taratibu. Wanafunzi wanamwita Mwalimu Kimya kwa sababu kwaya yake huanza bila kupewa sauti na chombo chochote. Anainua mikono, wote wanaanza pamoja, sauti moja, na wageni hutoka mbali kuja kushangaa wanaipata wapi. Nilikuwa nimekaa pembeni na bisibisi yangu nikisubiri kushangaa.

Akainua mikono. Wakaanza kama watu arobaini wanaoitana sokoni. Akawasimamisha, akatabasamu, akainua tena. Ikawa vibaya zaidi. Mara ya nne hakuna aliyefungua mdomo. Mwanafunzi mmoja anayeimba sauti ya chini akasema ukumbi umekuwa mtupu leo, wenzake wakakubali kwa vichwa, wasijue wanakubali nini. Mimi nilijua, Mjomba.

Mwalimu akaja moja kwa moja mpaka nilipokaa. Akaniuliza kinanda nimekifanya nini. Nikamwambia nimekirekebisha.

"Kwa akili yako," akaniuliza, "au mjomba wako amekuagiza?"

Nikafikiria majaribio ya miezi mitatu. Nikafikiria magitaa ya barazani. Nikamjibu, "Mjomba ameniagiza. Kila ninachofanya humu ni kwa maagizo yake."

Akasema, "Sawa. Ahsante kwa kunijulisha." Akatoka, miwani yake akaiacha kwenye kinara cha karatasi za muziki. Alhamisi hakufundisha. Jana mkuu wa idara alitangaza kwamba Mwalimu ameandika barua: onyesho la Juni litakuwa la mwisho kwake, baada ya hapo anaacha kwaya.

Kwaya hiyo ilikuwa inapokea sauti kutoka kwenye bomba la kushoto, na wao wenyewe hawajui. Njiti ile ni yako. Kwa nini?

Mpwa wako mwenye aibu


Ukumbi wa Mazoezi
Tarehe 26 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Wiki tatu. Hata kama postamasta angezitembeza barua kwa miguu ungekuwa umeshanijibu. Mama alipoona sina majibu akasema, "Kaka yangu akinyamaza hivyo, ama ana deni ama ana jambo la moyoni, na deni hana." Amekaa sasa anasubiri pamoja na mimi, na anasubiri kwa kelele.

Mazoezi yanaendelea vibaya. Nilimwomba mpiga piano awape sauti ya kuanzia kwa kibonyezo kimoja tu, Mwalimu akakataa katakata. Anasema ama waanze kutoka kwenye kimya, ama wasianze kabisa. Ananisalimia vizuri, na hilo ndilo linaloniumiza. Angenifokea ningelala.

Hatujambo wote. Nijibu.

Fundi Nusu


Nyumbani
Tarehe 7 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Nisamehe. Barua hii nimeianza mara tano, na nne zimewasha jiko. Kuku wawili wamelalia mayai. Kwa jirani kumezaliwa mapacha, kwa hiyo njia nzima haijalala tangu wiki iliyopita. Mimi mzima.

Njiti ni yangu. Niliiweka miaka kumi na moja iliyopita, na hujawahi kuona njiti iliyowekwa vizuri kama ile, kwa hiyo hata wewe kuigundua ni sifa.

Mwaka ule Mwalimu alikuwa mgeni pale. Alitaka kwaya ianze kutoka kwenye kimya, watu wakamwambia haiwezekani, naye akasema itawezekana. Siku ya onyesho wakaanza katika sehemu tatu tofauti. Kuna mtu nyuma akacheka kwa sauti. Mwalimu akauongoza wimbo mpaka mwisho, akainamia watu, akatoka taratibu kama malkia. Kisha akaja nyuma ya kinanda, kwenye feni, akijua hakuna mtu. Nilikuwepo. Akalia. Sikuwa na leso, nikampa kitambaa nilichokuwa nafutia mabomba. Alipokitoa usoni alikuwa mweusi kuanzia paji mpaka kidevu. Nikashindwa kujizuia nikacheka, naye akajiona kwenye bomba la bati, akacheka kuliko mimi. Wiki ile nikakata njiti.

Nilifanya kwa ajili ya kwaya. Yeye hajui, na nakuomba sana usimwambie. Anaamini ni mafunzo yake, na kwa kiasi kikubwa ni mafunzo yake kweli. Bomba lilikuwa linawashika mkono tu wakati wa kuvuka.

Ila lile jibu ulilompa, kwamba nimekuagiza mimi, limenichoma. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Sina hasira. Ulikuwa unaokoa kazi yako, na mimi katika maisha yangu nimejiokoa kwa njia za aibu kuliko hiyo. Lakini irudishe njiti.

Bado anaisahau miwani kila mahali? Zamani nilikuwa nampelekea ofisini.

Mjomba wako


Ukumbi wa Mazoezi
Tarehe 18 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mapacha wa jirani waombee usingizi. Kwetu dari la kaka limezibwa, mkewe amemsamehe, ndoo imerudi jikoni.

Barua yako nilimsomea mama. Usinikasirikie, alikuwa amesimama mlangoni na mkono ameunyoosha. Nilipofika pale pa "nilifanya kwa ajili ya kwaya" alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Miaka kumi na moja namtafutia mjane huyu mke wa pili, namletea wanawake wa maana mmoja baada ya mwingine, anasema ana kazi ya kulinganisha sauti. Kumbe." Kisha akaniagiza nikuandikie kwamba mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na kwamba wewe umekohoa kwa njiti. Nimeandika kama alivyosema.

Sasa nisikilize. Mkaguzi atakuja tarehe sita Juni asubuhi, na jioni ya siku hiyohiyo ndiyo onyesho. Akishakagua anabandika karatasi yenye sahihi yake kwenye kila sanduku, na hakuna wa kugusa mpaka aondoke. Hata kama asingebandika, gundi yako inataka siku nzima. Kwa hiyo siwezi kumdanganya mkaguzi asubuhi na kuwasaidia kwaya jioni. Njiti ikirudi, bomba litavuma mbele yake na mimi nimekwisha. Isiporudi, Mwalimu wako atasimama mbele ya ukumbi uliojaa, kwa mara ya mwisho, na kwaya itaanza katika sehemu tatu.

Nimekaa na jambo hili wiki nzima na sijui. Njoo. Njoo tu, uje kwenye onyesho, uzungumze naye mwenyewe kabla hajainua mikono. Ukija nitaweza kubeba lolote litakalotokea kwenye ukaguzi.

Mpwa wako


Nyumbani
Tarehe 27 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimempa dereva wa basi barua hii akuletee mkononi, ili ifike mapema.

Usiirudishe njiti. Nimebadilisha mawazo. Nilipokuambia uirudishe sikujua habari ya mkaguzi. Kazi yako kwanza. Mimi nilistaafu, na njiti nayo istaafu. Kwaya wakianza vibaya wataanza vibaya, walishawahi, na yeye alishawahi kusimama tena.

Mwambie dada yangu kwamba mimi sikohoi.

Kuja siwezi. Kuku hawana mtu wa kuwaangalia. Najua utasema kuku si sababu. Basi nitakuambia sababu, ila usimsomee mama yako. Siku niliyoondoka pale nilikwenda ofisini kwake kumuaga. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima kichwani, ina mwanzo na katikati. Nikagonga. Akafungua, akavua miwani, akaniangalia. Nikamwambia bawaba ya mlango wa ukumbi inataka mafuta. Akasema, "Ni hilo tu?" Nikasema ni hilo tu. Nikashuka ngazi, nikapanda basi. Mtu aliyefanya hivyo harudi kukaa kwenye kiti cha mbele.

Ukaguzi mwema. Vaa nguo safi, na usiongee sana.

Mjomba wako


Ukumbi wa Mazoezi
Tarehe 8 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mama mzima, kaka mzima, mtoto ana meno sita. Leo sina subira ya kuwapitia mmoja mmoja.

Sikukutii. Barua yako niliipata tarehe thelathini, nikaisoma mara mbili ile sehemu ya bawaba, nikacheka kidogo na nikalia kidogo. Kisha nikaenda kwenye mkebe wa bluu nilikoihifadhi njiti. Nikailoweka gundi, nikaipasha kwenye maji kama ulivyonifundisha, haikunuka soksi. Tarehe nne nikairudisha mahali pake.

Mkaguzi ni mtu mfupi, mkimya, anatembea na taulo begani kama mtu anayekwenda kuoga. Tulipowasha feni hakuchukua hata dakika moja. Akainamisha kichwa, akaenda kushoto, akasimama. Kabla hajaniuliza nikamwambia, "Bomba hilo linavuma kwa sababu nimeweka njiti chini ya kilango. Nimeiweka kwa makusudi, na sababu siwezi kuisema kwa sababu si yangu." Akaandika. Akaendelea na mabomba mengine yote mpaka saa nane mchana, na hayo mengine, Mjomba, hakuna hata moja aliloliandika.

Jioni ukumbi ukajaa, wengine wakasimama ukutani. Mwalimu akaingia. Alipofika mbele ya bomba la kushoto akasimama ghafla, nikaona bega lake likishuka, kama mtu aliyetua mzigo. Hakuigeukia kwaya mara moja. Alisimama pale mpaka watu wakaanza kukohoa. Kisha akawageukia, akainua mikono, na watu arobaini wakaanza kwa sauti moja. Nilikuwa nimekaa nyuma kwenye feni, na sioni aibu kukuambia kwamba nilitafuta kitambaa chako.

Walipomaliza alinifuata kulekule nyuma. Akaniuliza tena lile swali lake, kwa akili yangu au kwa maagizo. Nikamwambia ukweli wote. Kwamba niling'oa njiti kwa ujinga wangu, kwamba hukuniagiza kitu, kwamba nilikutaja ili nijiokoe, na kwamba ulipojua ulinikataza kuirudisha kwa ajili ya kazi yangu. Nikamwomba msamaha. Nikaongeza kwamba hukutaka ajue habari ya bomba.

Akacheka. Akasema, "Binti, mimi nafundisha watu kusikia. Nilijua tangu wiki ya kwanza."

Sasa nakuandikia alichosema, neno kwa neno, maana nilikwenda moja kwa moja nikakiandika nyuma ya ratiba ya onyesho. Alisema: "Kila nilipoingia humu na kuisikia ile sauti, nilijua kuna mtu ananitakia mema. Nilimsubiri aseme. Hakusema. Alipoondoka na habari zake za bawaba nikajiambia si neno, sauti bado ipo. Halafu wewe ukaizima, ukaniambia amekuagiza. Nikajua basi, sasa ndiyo ameniaga."

Ndiyo maana aliandika barua ya kuacha, Mjomba. Si kwa sababu ya kwaya. Kwaya angeifundisha upya kwa miezi miwili, aliniambia mwenyewe. Alishindwa kusimama mbele ya bomba lililonyamaza kwa amri yako.

Nilimuuliza kama ataiondoa hiyo barua. Akasema hajui, inategemea.

Mkuu wa idara ameniita leo asubuhi. Mkaguzi ameandika hivi: kinanda kizima, kasoro moja, imewekwa na fundi kwa makusudi, na fundi ameikiri kabla ya kuulizwa. Amependekeza nibaki, kwa sharti kwamba njiti iondoke kabla ya mwisho wa mwezi, na atarudi kuangalia. Nimemshukuru mkuu. Nilisubiri amalize kula kwanza.

Lakini siing'oi. Niliing'oa mara moja bila kujua, na nimeona ilichofanya. Naing'oaje mara ya pili nikiwa najua? Mpaka useme neno, Mjomba, wewe mwenyewe, kwa mwandiko wako, njiti inabaki, na mwisho wa mwezi mimi nitarudi barazani kwenye magitaa na sitakulaumu. Nakupenda, lakini umenichosha.

Mpwa wako


Nyumbani
Tarehe 14 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika jana mchana. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikatoka nje nikaisomea uani. Jirani aliniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, kuna uzembe.

Miaka kumi na moja nilidhani nimeficha. Nilikuwa napita mbele yake na bisibisi yangu, nimetulia kama maji mtungini, najiona mjanja, kumbe mwenzangu anasikia kila siku na anasubiri. Na wewe ulikuwa tayari kuipoteza kazi uliyoitaka tangu utotoni kwa sababu mjomba wako hawezi kusema sentensi moja mlangoni kwa mtu. Nimeona aibu, na ni aibu nzuri, imenisogeza. Nampenda. Nimeiandika, na mkono haujakatika. Nampenda tangu alipofuta uso wake kwa kile kitambaa, na sikusema kwa sababu nilikuwa mjane mwenye vumbi na yeye ni mwalimu, na kila mwaka niliochelewa ulifanya mwaka uliofuata kuwa mgumu zaidi.

Kuku nimewapeleka kwa jirani, kwa mama wa mapacha, anasema hata hivyo hawalali. Nitapanda basi la Jumamosi. Mwambie dada yangu anitandikie kitanda, na akitaka kucheka acheke kabla sijafika.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine, imefungwa, na juu yake hakuna jina lako. Ina karatasi nne na hakuna hata mstari mmoja kuhusu bawaba. Mpe mkononi leo hii. Akiisoma usimwangalie usoni, tafuta kitu cha kufanya.

Ukishampa, rudi ukumbini, fungua sanduku la upepo, uing'oe njiti. Sasa ninasema mwenyewe.

Mjomba wako